Anzeni na Kosa la Mtoto: Mwongozo kwa Wanafunzi Wanaounda Simuleta ya Saketi za Umeme

Mradi wa kuunda simuleta ya uhalisia pepe ya kuwafundisha watoto saketi za umeme huanza kuharibika siku ile kikundi kinapokutana mara ya kwanza na kuuliza: tununue miwani gani? Si swali baya, ila wakati wake haujafika. Miwani itaamua ubora wa picha, kasi ya fremu na gharama ya kazi nzima, lakini haitaamua kama mtoto atatoka humo akielewa jambo ambalo hakulielewa alipoingia. Hilo linategemea kama simuleta imejengwa juu ya mawazo ambayo mtoto tayari anayo kuhusu umeme, mawazo ambayo mara nyingi si sahihi lakini yana mantiki yake, na kwa sababu hiyo hayang'oki kirahisi. Hoja ya mwongozo huu ni hiyo moja. Lijueni kwanza kosa la mtoto, kisha jengeni hesabu za saketi, kisha picha, na miwani iingie mwisho, tena kwa sharti kwamba itathibitisha inastahili kuwapo. Nawaandikia wanafunzi wa uhandisi, wa kompyuta na wa ualimu, kwa kuwa kazi hii inawahitaji wote watatu. Kama kikundi chenu hakina mwalimu mtarajiwa, mtafuteni kabla hamjaandika mstari wowote wa programu.

Makosa ya watoto kuhusu umeme yanajulikana vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Roger Osborne aliwahoji watoto wa New Zealand kuhusu betri moja iliyounganishwa na balbu moja, na majibu yao yakajipanga katika makundi manne. Wapo waliosema umeme unatoka kwenye betri kwa waya mmoja na kuishia kwenye balbu. Waya wa pili, kwao, haukuwa na kazi. Wapo walioamini kwamba mikondo miwili hutoka ncha zote mbili za betri na kugongana ndani ya balbu, ndiyo maana inawaka. Wengine walikubali kwamba mkondo unazunguka, lakini wakasema balbu hula sehemu yake, hivyo unaorudi kwenye betri ni mdogo kuliko uliotoka. Kundi la nne ndilo lililosema kwamba mkondo ni uleule kabla ya balbu na baada yake. Utafiti wa David Shipstone nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 1984, ulionyesha kwamba wazo la mkondo unaoliwa huendelea kuwashika hata wanafunzi wa sekondari waliokwisha kufundishwa somo lenyewe.

Wazo hilo la tatu lisidharauliwe, maana maisha yanalithibitisha kila siku. Mtoto wa Dar es Salaam anasikia kwamba umeme wa LUKU umeisha, wa Nairobi anamwona mzazi akinunua tokeni, na wote wawili wanajua kwamba betri za tochi huisha. Kitu kinaliwa, hilo ni kweli kabisa. Kinachopungua ni nishati iliyomo kwenye betri, wala si mkondo unaopita kwenye waya, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo somo lenyewe. Simuleta ambayo haimlazimishi mtoto kuikabili tofauti hiyo itakuwa imemwonyesha balbu inayowaka, na balbu inayowaka ameshaiona nyumbani.

Wala tusidhani kwamba umri au shahada huondoa makosa haya. Filamu ya elimu ya Minds of Our Own, iliyotengenezwa na kituo cha Harvard-Smithsonian na kutolewa mwaka 1997, iliwaonyesha wahitimu wa MIT wakipewa betri, balbu na kipande cha waya na kuombwa wawashe balbu. Baadhi yao walishindwa. Kikwazo kikubwa katika zoezi hilo ni kidogo kwa umbo: balbu ina sehemu mbili za kugusia, moja ni kitako chini kabisa, nyingine ni ubavu wa kile kikopo chenye mikunjo ya skrubu. Mtu ambaye siku zote ameiona balbu ikiwa ndani ya holda hajawahi kulazimika kuuliza umeme unaingilia wapi na kutokea wapi. Basi hatua yenu ya kwanza iwe kwenda katika shule ya msingi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi, mkiwa na betri za tochi, balbu ndogo zisizo na holda na vipande vya waya. Mwombeni kila mtoto achore kwanza jinsi atakavyounganisha, kisha ajaribu. Msimsahihishe. Andikeni maneno yake kama alivyoyatamka, hifadhini michoro bila majina, na mkirudi chuoni ipangeni kwa aina ya kosa. Mpango wa simuleta yenu utatoka kwenye rundo hilo la karatasi.

Kutoka katika rundo hilo chagueni makosa matatu au manne, si zaidi, na kila moja litengenezewe zoezi lake. Utaratibu unaofaa ni ule ambao White na Gunstone waliueleza mwaka 1992 katika kitabu chao kuhusu kupima uelewa: mwanafunzi atabiri, atazame, kisha aeleze. Katika simuleta utaratibu huu unaweza kuwa sheria isiyovunjwa. Swichi isifunge kabla mtoto hajaweka utabiri wake. Mathalani, mtoto anaweka ammita mbili, moja kabla ya balbu na nyingine baada yake, kisha anasema ipi itasoma zaidi. Aliyeshikilia kwamba balbu hula mkondo atasema ya pili itasoma kidogo, halafu ataziona zote mbili zikionyesha namba ileile. Hapo pasitokee sauti ya kumpongeza wala alama nyekundu ya kumkosoa. Pawe na kimya na swali moja: imekuwaje? Jibu alitoe kwa mdomo, kwa mwenzake aliye nje ya miwani na ambaye anaona kwenye skrini ya kompyuta kile anachokiona yeye. Fanyeni kazi hii kwa watoto wawili wawili. Mtoto aliyefungiwa peke yake ndani ya picha hana wa kubishana naye, na ubishi ndio unaolivunja kosa. Maandishi yote ya mazoezi yawekwe katika faili lake peke yake, ili lugha ibadilishwe bila kugusa programu, kwa sababu shule nyingi za msingi Tanzania hufundisha sayansi kwa Kiswahili ilhali sekondari hufundisha kwa Kiingereza.

Sasa hesabu. Injini ya saketi iandikwe kabla ya picha yoyote, na iweze kuendeshwa kwa maandishi matupu: mnaipa orodha ya vifaa na nodi vinapokutana, nayo inawarudishia volteji ya kila nodi na mkondo wa kila kifaa. Kanuni zake mmezisoma tangu sekondari, sheria ya Ohm ya mwaka 1827 na zile mbili za Kirchhoff za 1845. Njia ya kuzigeuza kuwa programu ni uchanganuzi wa nodi uliorekebishwa, ambao Ho, Ruehli na Brennan waliuchapisha mwaka 1975: milinganyo yote hukusanywa katika matriksi moja, kisha matriksi hutatuliwa kwa njia ya Gauss. Saketi ya mtoto ina nodi kumi au pungufu, na hesabu ya ukubwa huo ni nyepesi hata kwa simu ya bei ya chini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ipo njia ya mkato inayovutia sana, nayo ni kuandika masharti tu: waya ukigusa hapa na pale, balbu iwake. Njia hiyo hutoa onyesho zuri siku ya maonyesho ya miradi na kuharibu somo siku ya darasa. Mtoto ataunganisha vitu kwa namna ambayo hamkuifikiria. Ataweka betri mbili zikitazamana, ataunganisha ncha zote mbili za waya kwenye kitako kimoja cha balbu, atatundika balbu ya tatu katikati ya mbili. Majaribio hayo ya ajabu ndiyo kujifunza kwenyewe, na simuleta ya masharti itamjibu uongo kila anapofanya jambo lisilokuwa kwenye orodha yenu.

Injini ikishaandikwa, ijaribiwe kwa saketi ambazo majibu yake mnayapata kwa kalamu. Betri mbili za tochi zikifuatana hutoa volti 3. Tuseme balbu ina ukinzani wa omu 10. Balbu moja itapitisha ampia 0.3 na kutumia wati 0.9. Balbu mbili katika mfuatano zitapitisha ampia 0.15, na kila moja itatumia wati 0.225, yaani robo ya nishati ya mwanzo kwa kila sekunde, si nusu kama wengi wanavyotabiri. Zikiwa sambamba, kila moja itapata ampia 0.3 na betri italazimika kutoa 0.6. Saketi hii ya mwisho ndiyo inayoangusha kosa jingine kubwa, lile la kuamini kwamba betri hutoa mkondo uleule siku zote bila kujali kilichounganishwa. Baada ya hapo ipeni betri ukinzani wa ndani, tuseme omu 0.4 kwa zile mbili. Sasa balbu moja itapata ampia 0.288, na mbili sambamba zitapata 0.278 kila moja, upungufu mdogo ambao ammita nzuri mezani huuonyesha. Ukinzani huo wa ndani una faida nyingine kwa programu yenu. Betri isiyo na ukinzani wowote, ikipigwa shoti kwa waya usio na ukinzani, huifanya matriksi isiwe na jibu na programu ikakwama mbele ya mtoto. Ikiwa na omu 0.4, shoti itatoa ampia 7.5, namba ambayo mnaweza kuitumia kuipasha betri moto na kuifanya itoe moshi.

Mkwamo mwingine hutokea pale mtoto anaposhika kifaa ambacho hakijaunganishwa na kitu chochote. Kipande hicho cha saketi hakina nodi ya kurejelea, na matriksi inakosa jibu moja. Ama kila kisiwa cha saketi kitatuliwe peke yake, ama kila nodi ifungwe kwenye nodi ya sifuri kwa ukinzani mkubwa mno, kama omu bilioni moja. Halafu andikeni jaribio la kutengeneza saketi za kubahatisha kwa mamia, likihakiki kwamba jumla ya mikondo inayoingia katika kila nodi ni sawa na inayotoka. Na kuna jambo la uaminifu ambalo mwalimu lazima aambiwe. Kiwaya cha ndani ya balbu halisi hakina ukinzani mmoja. Kikiwa baridi, ukinzani wake ni karibu sehemu ya kumi ya ule wa kikiwa kimewaka. Kwa hiyo mezani, balbu mbili katika mfuatano zitapitisha zaidi ya ampia 0.15, kwa kuwa haziwaki kwa nguvu na hazijapata joto kamili. Mwalimu asiyejua hili ataona namba za simuleta na za ammita yake zinapingana, na atakuwa na haki ya kutowaamini.

Picha inakuja sasa, na hapa ndipo mnaweza kufundisha uongo mkiwa na nia njema kabisa. Kila kikundi hutamani kuonyesha elektroni kama shanga zinazokimbia ndani ya waya. Fikirini kinachotokea mtoto anapofunga swichi kisha akaziona shanga zikitoka kwenye betri, zikisafiri, na balbu ikiwaka zinapofika. Mmemfundisha kosa la kwanza katika orodha ya Osborne, tena kwa rangi nzuri. Ukweli ni kwamba katika waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba 1 unaopitisha ampia 1, elektroni husogea kwa wastani wa milimita 0.07 kwa sekunde. Kwa mwendo huo elektroni moja ingehitaji karibu saa nne kuvuka mita moja, ilhali balbu huwaka papo hapo. Inawaka kwa sababu waya ulikuwa umejaa tangu mwanzo, na zote zinaanza kusogea kwa pamoja kama mnyororo wa baiskeli unavyosogea wote pedali inapokanyagwa. Basi shanga ziwepo kila mahali kabla swichi haijafungwa, zianze pamoja, na idadi yake kabla na baada ya balbu iwe sawa. Mwendo wake upungue na uongezeke kulingana na mkondo uliokokotolewa, si kwa kukadiria. Msiziandike alama ya kutoa. Kwa watoto wa msingi fuateni mwelekeo wa mishale ya vitabu vyao, kutoka chanya kwenda hasi, na suala la elektroni kwenda kinyume chake lisubiri sekondari.

Kinachopungua kionyeshwe pia, la sivyo mtoto atabaki na fumbo: kama mkondo hauliwi, betri inaishaje? Njia ninayoipendelea ni kuifanya volteji iwe kimo. Mtoto akibonyeza kitufe, waya unainuka pale unapotoka kwenye ncha chanya ya betri, unabaki juu ukienda usawa, unashuka ndani ya balbu, kisha unarudi chini hadi kwenye ncha hasi. Shanga ni zilezile njia nzima. Zilichoacha ndani ya balbu ni kile kimo. Balbu mbili za mfuatano zinagawana mteremko, za sambamba kila moja ina mteremko mzima. Mchoro huu kwenye karatasi ni mgumu kusomeka, lakini mtoto anayeweza kuinama akautazama kwa ubavu ataupata.

Je, kuna ushahidi kwamba saketi ya kuigiza inafundisha kweli? Upo, na unastahili kusomwa kwa makini. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, una simuleta ya saketi inayotumika bila malipo duniani kote. Mwaka 2005, Noah Finkelstein na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanafunzi walioitumia na wale waliofanya maabara ileile kwa vifaa halisi. Waliotumia simuleta waliwapita wenzao katika maswali ya dhana, na jambo la kushangaza zaidi, waliwapita pia walipopewa vifaa halisi na kutakiwa waunde saketi na kueleza inavyofanya kazi. Sababu moja inaeleweka. Vifaa halisi vina kelele: betri dhaifu, waya ulioregea, balbu iliyoungua. Mwanafunzi ambaye utabiri wake umekosea hulaumu kifaa na kulinda wazo lake. Lakini angalieni mipaka ya ushahidi huu. Wale walikuwa wanafunzi wa chuo, si watoto, na simuleta ilikuwa kwenye skrini ya kawaida. Ushahidi huu unawapa ninyi haki ya kujenga simuleta. Haujawapa bado haki ya kununua miwani.

Kuhusu miwani, ushahidi wa mwanzoni unatakiwa kuwatia hofu ya kiasi. Guido Makransky na wenzake, katika utafiti uliochapishwa na jarida la Learning and Instruction mwaka 2019, walilinganisha maabara pepe ileile kwenye skrini na ndani ya miwani. Waliovaa miwani walijihisi wapo ndani ya maabara zaidi, lakini walijifunza kidogo kuliko waliotumia skrini, na vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha kwamba akili zao zilikuwa zimelemewa. Mwaka uliotangulia, Jocelyn Parong na Richard Mayer wa California waliona wanafunzi wakivutiwa zaidi na somo la miwani kuhusu mwili wa binadamu, huku waliosoma slaidi za kawaida wakipata alama za juu. Hata hivyo jaribio lao la pili lina funzo kwa wabunifu: waliosimama kati ya sehemu na sehemu wakafupisha walichokiona walifaulu zaidi ya walioangalia mfululizo. Ndiyo maana nikasema utabiri na maelezo viwe sheria. Mshangao peke yake huchukua nafasi ya fikra.

Basi miwani inastahili wapi? Naona mahali pa aina tatu. Pa kwanza ni ile balbu. Ikuzeni iwe na kimo cha mtoto, azunguke kuitazama, auone uzi mmoja ukishuka hadi kitakoni na mwingine ukielekea ubavuni, na kile kihami cheusi kinachozitenganisha sehemu mbili. Alama ya duara lenye msalaba kwenye kitabu haisemi lolote kuhusu hilo, na hapa kutembea kukizunguka kitu ni bora kuliko kukitazama. Pa pili ni umbo. Watoto huamini kwamba saketi mbili zilizochorwa tofauti ni saketi mbili tofauti. Mpeni mtoto nafasi ya kukunja, kuvuta na kupitisha waya juu ya mwingine kwa mikono yake, aone mwanga haubadiliki maadamu miunganisho ni ileile. Pa tatu ni kimo cha volteji nilichokieleza. Mengine yote, maelekezo, alama, hadithi ya roboti, mandhari ya anga za juu, yaacheni nje. Maandishi ndani ya miwani husomeka kwa shida, na mandhari humnyang'anya mtoto macho aliyoyahitaji kwa balbu.

Kwa upande wa zana, ushauri wangu ni mfumo wa wavuti: A-Frame, ambao ulitolewa na Mozilla mwaka 2015, ukiendeshwa juu ya WebXR. Programu moja itafunguka ndani ya miwani, kwenye kompyuta na kwenye simu, nanyi hamtalazimika kuandika kazi mara mbili. Unity na Godot ni zana zenye nguvu zaidi, lakini nguvu hiyo saketi ya balbu mbili haiihitaji. Hakikisheni fremu hazishuki chini ya 72 kwa sekunde, maana yake kila fremu ina milisekunde zisizozidi 14 kwa hesabu na picha pamoja, na msiwahi kuusogeza mtazamo wa mtoto bila yeye mwenyewe kusogea. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumtia kichefuchefu. Vikao viwe vya dakika kumi, mtoto akiwa ameketi isipokuwa pale anapoizunguka balbu. Angalieni pia macho. Miwani ya Quest 2, mathalani, inarekebisha umbali kati ya lenzi kwa hatua tatu tu, milimita 58, 63 na 68, na umbali kati ya macho ya watoto wengi ni mdogo kuliko hatua hizo. Kampuni ya Meta iliweka umri wa chini kuwa miaka 13, na mwaka 2023 ikaushusha hadi 10 kwa akaunti zinazosimamiwa na wazazi. Kwa hiyo mtoto wa darasa la pili asivishwe kabisa, hata mwalimu akiomba.

Lipo pingamizi ambalo naliona zito kuliko suala la gharama: simuleta ambamo hakuna kinachoumiza inaweza kumzoesha mtoto kushika waya. Umeme wa nyumbani ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, na swichi za usalama zinazokata umeme unaovuja zimewekewa kiwango cha miliampia 30, ambacho ni sehemu ya kumi tu ya mkondo wa balbu yetu ya tochi. Mtoto hasomi volti, anasoma waya. Jibu langu ni la muundo, si la onyo lililoandikwa ukutani. Ndani ya simuleta pasiwe na soketi ya ukutani wala waya wa nyumba, hata kama pambo. Kila waya uwe na ganda, na mkono wa mtoto uweze kuushika kwenye ganda peke yake. Akijaribu kushika ncha iliyo wazi, mkono usikamate. Mkono hujenga mazoea kabla ya akili. Shoti nayo iwe na matokeo: betri ipate moto, ifuke, na zoezi lianze upya. Mwisho wa kikao mwalimu aseme wazi kwamba kilichofanyika ni cha betri za tochi tu.

Watakaosema kwamba betri, balbu na waya halisi ni rahisi kuliko haya yote wanasema kweli, na hesabu iko upande wao. Darasa la watoto 60 wenye miwani moja, kwa dakika kumi kila mtoto, linahitaji saa kumi, na chaji ya miwani ya aina hii hudumu takriban saa mbili. Ndiyo sababu ya kung'ang'ania toleo la skrini ambalo watoto wengi wanaweza kulitazama kwa pamoja kwa projekta moja. Ndiyo sababu pia ya kutoiruhusu simuleta imeze meza ya majaribio. Mpangilio ninaoupendekeza ni mtoto ajaribu kwanza kwa vifaa halisi na utabiri wake ukwame, aingie kwenye simuleta kuona kwa nini umekwama, kisha arudi mezani kuunda saketi ileile kwa mikono yake. Simuleta ikikosekana, hatua ya kwanza na ya tatu bado ni somo. Hatua ya pili ikibaki peke yake, somo halijakamilika.

Kabla hamjaitangaza kazi yenu, ipimeni. Gawanyeni watoto kwa kura katika makundi matatu: la miwani, la skrini, na la vifaa halisi pekee, yote yakipewa muda sawa. Wapimeni kabla, mara tu baada ya somo, na tena baada ya wiki kadhaa, kwa betri na balbu za kweli pamoja na michoro ya kutabiri. Jaribio la DIRECT la Engelhardt na Beichner, lililochapishwa mwaka 2004 likiwa na maswali 29, litawapa mifano mizuri, ingawa liliandikwa kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, na lugha yake lazima irahisishwe. Msiulize kama wamefurahia, watasema ndiyo. Ulizeni ammita ya pili itasoma nini, na kwa nini. Kundi la skrini likifanya vizuri sawa na la miwani, toeni toleo la skrini, na fedha mlizotenga kwa miwani zinunulie shule betri, balbu na waya.